Ni nani wamechukua fomu za mchujo wadi yetu?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Mimi ni mwanachama wa chama chenye wabunge, na nafikiria kuwania tiketi ya MCA, yaani mwakilishi wa wadi, mwaka 2027. Nilikwenda ofisi ya chama ya kaunti kuuliza ni kina nani wamechukua fomu katika wadi yetu. Karani akasema hayo ni mambo ya ndani, nisubiri siku ya kura. Je, ni siri kweli? – Mwanachama, Kilifi

JIBU: Ndugu mwanachama, karani huyo amekupa nusu ya jibu. Kuchukua fomu si kuwania. Watu huchukua fomu ili wapigwe picha nayo, kisha hawaonekani tena, na orodha ya waliochukua tu hakuna sheria ninayoijua inayokilazimu chama kuitangaza. Lakini chama kikishapokea karatasi na kuamua ni nani watakaoshindana katika mchujo (kura ya ndani ya kumchagua mgombea wa chama), mambo yanabadilika. Sheria ya Uchaguzi inakitaka chama kiwasilishe majina hayo kwa tume ya uchaguzi, IEBC, pamoja na tarehe ya mchujo, nayo tume iyachapishe katika Gazeti Rasmi la Serikali ndani ya siku saba baada ya kuyapokea. Hapo siri imekwisha. Gazeti hilo hutoka kila Ijumaa, mbali na matoleo maalumu, na unaweza kulisoma bure katika tovuti ya Kenya Law. Tafuta kwa jina la wadi yako, maana nchi ina wadi 1,450 na orodha zake ni ndefu kama msafara wa siafu.

Shida yako ni kwamba unataka kujua kabla ya hapo. Kipengele cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na pia zilizo mikononi mwa mtu mwingine iwapo anazihitaji ili kutumia au kulinda haki yake. Kuwania uongozi kupitia chama ni haki, imo katika Kipengele cha 38. Zaidi ya hayo, Sheria ya Upataji Habari ya 2016 inazigusa hata taasisi za kibinafsi zinazopokea pesa za umma. Kama chama chako kinapata mgao wa Hazina ya Vyama vya Siasa, mimi ningeitaja hoja hiyo katika aya ya kwanza ya barua. Hawawezi kula pesa za mlipa kodi kisha wajiite klabu ya marafiki.

Sasa hesabu siku, kwa maana hapa ndipo wengi huteleza. Anayeombwa habari ana siku 21 za kujibu, na anaweza kujiongezea 14 mara moja. Mwaka 2022 vyama vilitakiwa kuwasilisha majina kufikia Machi 26, na mchujo ukamalizika Aprili 22. Hizo ni siku 27. Ukiandika barua siku majina yanapowasilishwa, unaweza kupata jibu wiki ya kura yenyewe. Chama kikijiongezea muda, utajibiwa mshindi akiwa ameshabebwa mabegani. Muda mfupi wa saa 48 upo, lakini ni kwa habari zinazohusu uhai au uhuru wa mtu. Tiketi ya wadi, hata uipende vipi, haimo.

Kwa hiyo andika mapema, na uombe kitu kinachotajika. Usiseme “taarifa zote za mchujo”. Sema: kanuni za uteuzi za chama, tarehe ya mwisho ya kurudisha fomu, ada, na majina ya waliorudisha fomu katika wadi fulani kufikia tarehe fulani. Usiombe nambari za vitambulisho wala za simu za wapinzani. Hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ukiziomba unawapa kisingizio cha kukataa barua nzima. Unaweza kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Ombi lenyewe halilipiwi. Utalipia gharama za nakala tu.

Wakinyamaza siku zikapita, kunyamaza huko kunahesabiwa kuwa wamekataa. Hapo una siku 30 za kwenda kwa Ombudsman, yaani tume inayoshughulikia malalamiko ya kunyimwa habari, kuomba uamuzi huo upitiwe upya. Ikiwa mzozo ni wa mchujo wenyewe, kwa mfano jina lako limeachwa, njia ni nyingine: anza na kamati ya chama ya kutatua mizozo, kisha Jopo la Mizozo ya Vyama vya Siasa. Ukiruka kamati ya chama bila hata kujaribu, tarajia kurudishwa.

Barua ipeleke mwenyewe, nakala mbili, na hakikisha yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani akikataa kuigonga, itume kwa barua pepe rasmi ya chama siku hiyohiyo na uhifadhi ithibati kwamba imekwenda.