Bastola ya kale isiyo na jina: anza na alama ndogo

Watu wakinitumia picha za bastola ya silinda waliyorithi, karibu wote hupiga maandishi makubwa yaliyo juu ya mtutu, kisha huuliza: huyu ni fundi gani? Maandishi hayo mimi huyaamini mwisho. Karne ya 19 mwenye duka la silaha aliweza kuagiza bastola kwa mafundi na zikachapwa jina la duka lake. Wengine walichapa jina linalokaribiana na la kampuni mashuhuri ya Marekani, Smith & Wesson, mali itoke haraka.

Kabla ya lolote, hakikisha haina risasi. Kama hujui kuifungua, mpelekee fundi wa bunduki mwenye leseni. Risasi kuzeeka hakuifanyi salama. Msasa na brashi ya waya weka mbali kabisa, maana kutu ikitoka kwa nguvu hutoka na alama. Kitambaa na mafuta mepesi vinatosha.

Sasa shika lenzi na tochi, mwanga uje kwa ubavuni ili michoro hafifu itoe kivuli. Anza na silinda, halafu shina la mtutu, halafu fremu. Unachosaka ni mihuri ya ukaguzi, ile iliyogongwa baada ya silaha kujaribiwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida. Ukiona herufi ELG ndani ya duara refu, na nyota chini yake, uko Liège, Ubelgiji. (Hapana, ELG si kampuni. Naulizwa hilo kila mara.) Duara likiwa na taji juu, muhuri ni wa 1893 au baadaye. Pembeni huwa na herufi moja ndogo ya mkaguzi: ikivaa nyota badala ya taji, ni kuanzia 1877. Taji juu ya fimbo mbili za kifalme zilizopishana ni Birmingham, na taji juu ya herufi U ni Ujerumani.

Isipokuwa na muhuri wowote, fikiria Marekani, ambako serikali haikulazimisha ukaguzi wa namna hiyo. Huko tafuta tarehe za hataza (haki ya mvumbuzi) juu ya mtutu: bastola haiwezi kuwa kongwe kuliko tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Kichwa cha bundi kwenye mpini ni kampuni ya Iver Johnson.

Umbo hukupa aina, mara chache fundi. Vijipengo kwenye ukingo wa silinda vya kupitishia pini za risasi ni mfumo wa Lefaucheux, fundi Mfaransa, nao ulinakiliwa na mafundi chungu nzima.

Mwisho fungua mpini kwa bisibisi inayoenea sawasawa kwenye skrubu. Herufi za kwanza za jina la fundi mara nyingi hujificha humo. Namba fupi utakayoikuta inaweza kuwa ya kuunganishia vipuri tu.

Herufi zisipopatikana, andika kile mihuri ilichokuambia, kwa mfano “Liège, kati ya 1877 na 1893, fundi hajulikani”. Mnunuzi anayejua kazi yake ataiheshimu karatasi hiyo kuliko jina la kubahatisha.