Kuoa Tanga hakukupi uraia, ila karatasi zako zinaweza

Ndugu yangu, umeuliza kama kuoa binti wa Tanga na kuishi hapa miaka 8 kunakufanya Mtanzania. Mimi natoka Vanga, upande wa Kenya, nimeoa Makorora, hapa Tanga mjini, na cheti cha uraia ninacho. Ndoa peke yake haitoshi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 imemwekea mke wa raia njia yake; mume wa raia anaomba tajinisi, yaani uraia wa kuomba, kama mgeni mwingine yeyote. Kwangu hiyo si haki, lakini ndiyo sheria. Watoto usiwahofie, maana mama yao ni raia.

Miaka inahesabiwa hivi: miezi 12 ya mwisho kabla ya kuomba uwe unaishi nchini, na ndani ya miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, ukaazi wako ukijumlishwa ufike miaka 7. Kwa hiyo wewe umetimiza kwa kubana sana, na pengo dogo tu litakuangusha. Sisi Wadigo tuna ndugu pande zote mbili za mpaka wa Horohoro: leo maziko, kesho harusi, na wengi huvuka kwa hati ya muda ya kusafiria kisha wakaitupa. Usitupe kitu. Ofisa aliyenihudumia alifunua pasi zangu za zamani ukurasa kwa ukurasa, akanakili kila muhuri wa kutoka na kuingia, akalinganisha na tarehe za vibali vyangu vya ukaazi.

Utatangaza nia yako gazetini ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hifadhi ukurasa mzima, wenye jina la gazeti na tarehe juu, si kipande cha tangazo.

Maombi hupitia kamati za usalama kuanzia chini hadi mkoa, ndipo yaende makao makuu na kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Kwenye kata waliniuliza nani ananifahamu, nashiriki misiba ya nani, naishi kwa kazi gani. Sheria inadai tabia njema na mchango kwa nchi, na mimi fundi wa mashine za boti ninao: nilipeleka TIN, namba yangu ya mlipakodi, na risiti za kodi, na vijana niliowafundisha kazi pale Deep Sea, soko la samaki la Tanga, wakaja kunisemea. Nilijivunia sana siku ile.

Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu Katiba ya 2010, Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Utaukana ule wa kwanza, ila tafadhali usiukane kabla hujapata barua rasmi ya kukubaliwa. Waziri anaweza kukataa bila kutoa sababu, wala hakuna mahakama ya kukatia rufaa. Ukiwa umeshaukana wa Kenya, utabaki huna nchi.

Na atakayekushauri uchukue kwanza kadi ya mpiga kura kwa mlango wa nyuma, mkimbie. Ni kosa la jinai. Ada kaulize Uhamiaji mkoa wenyewe, usimpe mtu fedha mkononi. Ukitaka kuona nilivyolipanga faili langu, nipo Deep Sea kila siku baada ya alasiri.