Barua kwa mwanangu: kwa nini mama yako hashindi kitandani

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umeniuliza: "Mama, mdogo wangu anasema usiku unakaa kwenye kiti sebuleni, mchana unatembea. Mgonjwa wa saratani si anatakiwa apumzike? Kwa nini usiombe vidonge vya usingizi?" Kwenye simu nisingeweza kukujibu, maana ukianza kunihurumia humwachi mtu amalize. Basi nakuandikia. Sasa ni saa nne usiku na muda ninao wa kutosha. Sababu ya kuwa nao utaiona huko mbele.

Uchovu huu, mwanangu, si ule wa kutoka kazini ukalala ukaamka mpya. Baada ya kemo ya pili, ile dawa ya saratani wanayonitundikia kwa dripu, nililala mchana kutwa, nikaamka nimechoka kuliko nilivyokuwa. Kuvaa nguo tu ilibidi nikae chini katikati. Nikafanya hivyo hivyo unavyonishauri wewe: nikajilaza. Wiki tatu za kujilaza zikaninyang'anya hata zile nguvu chache za kupanda ngazi. Misuli isiyotumika hunywea, na ikinywea, kila kijambo kinakuwa mlima. Unachoka, unalala, unalala, unazidi kuchoka.

Wala usidhani nilianza kutembea kwa ubishi wangu unaoujua. Nilimwambia daktari, naye siku ile hakunituma mazoezini, alinituma maabara. Uchovu wa namna hii unaweza kuletwa na upungufu wa damu, tezi ya shingo kuzembea, maumivu, sonona, au dawa nyingine unazomeza. Kwangu damu ilikuwa imeshuka, ikashughulikiwa kwanza. Matembezi yalifuata baadaye.

Nilianza na dakika tano. Dada wa jirani alinipita mara mbili, kwenda na kurudi, mimi bado sijamaliza upande mmoja. Sasa hivi nafika nusu saa, mara tatu kwa wiki, kwa mwendo ambao naweza kuzungumza bila kuhema. Siku mbili nyingine nasimama na kukaa kitini mara kumi kumi, kwa ajili ya miguu. Siku zinazofuata dripu napunguza, hata kama ni kuzunguka chumbani tu. Joto la mwili likifika 38 sitembei popote, napiga simu hospitali saa ile ile, kwa sababu kemo hupunguza kinga na homa haingojwi ipite. Na mtu ambaye saratani imeingia kwenye mifupa, au chembe zake za kugandisha damu zimeshuka, asiige mwendo wangu kabla hajamuuliza daktari wake.

Wewe unayependa ushahidi, nitakupa mmoja. Mwaka 2017 watafiti waliunganisha matokeo ya majaribio 113, yenye washiriki zaidi ya 11,000, wakilinganisha njia za kupunguza uchovu wa saratani. Mazoezi na tiba ya kisaikolojia vilisaidia kuliko dawa. Daktari aliponieleza hayo nilicheka, nikamwambia basi dawa yangu ni miguu yangu mwenyewe.

Usiku ndiko nilikoteseka hasa. Nilikuwa napanda kitandani saa mbili, eti nimechoka nilale mapema, na kushuka saa moja asubuhi. Mtaalamu wa saikolojia pale kliniki akanitaka niandike kwa wiki mbili: nimepanda saa ngapi, nimeamka mara ngapi, nimelala kwa kukadiria muda gani. Tukajumlisha pamoja. Kati ya saa 11 za kitandani, usingizi ulikuwa kama saa tano na nusu. Zilizobaki nilikuwa nagaagaa, nikikodolea dari na kujiuliza kama dawa inafanya kazi. Akasema kitanda changu kimeshazoea kuwa mahali pa kuwazia, kwa hiyo nikikigusa tu, akili inaamka.

Dawa yake ilinishangaza: alinipunguzia kitanda. Kupanda saa tano na nusu usiku, kushuka saa kumi na mbili asubuhi, hata kama sikupata lepe la usingizi. Nikiona nimekaa macho kitambo, kama dakika 20 hivi kwa kukisia (saa ya ukutani tuliiondoa, maana kuitazama kunaongeza kiherehere), nitoke chumbani. Hicho ndicho kiti alichonikuta nacho mdogo wako. Nakaa kwenye mwanga hafifu, nafanya jambo lisilonichangamsha, kisha narudi kope zikiwa nzito. Simu haiguswi, hata ukiniandikia wewe.

Kuna mantiki ndani yake. Usingizi una njaa yake, na njaa hiyo inakua kadiri unavyokaa macho. Mimi nilikuwa naudokoa usingizi mchana kutwa, usiku nitaula kwa hamu gani? Siku hizi mchana naruhusiwa kusinzia kidogo tu, chini ya nusu saa, kabla ya saa tisa.

Wiki ya kwanza nilimchukia yule mtaalamu, nakuambia kweli. Nilikuwa natembea kama mtu aliyegongwa kichwani. Ya pili ikaanza kulegea. Ilipofika ya nne nilikuwa nikilala karibu muda wote niliokuwa kitandani, na hapo ndipo anapokuongezea: usingizi ukijaza kama asilimia 85 ya muda wa kitandani, unapewa dakika 15 zaidi kwa wiki. Usimpe mtu mpango huu kwa mdomo ukaondoka. Muda wa kitandani haupunguzwi chini ya saa tano kwa usiku, mwenye kifafa au ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka unaweza kumdhuru, na siku za mwanzo asishike usukani. Mimi nina mtu anayenifuatilia, na siku za kemo tunalegeza.

Dexamethasoni nayo ilikuwa ikinikesha, ile wanayonipa kuzuia kichefuchefu. Nilikuwa nameza dozi ya pili jioni. Nesi aliuliza, daktari akaisogeza mchana, na usiku zile mbili baada ya kemo zikapungua ukali. Sikuisogeza mwenyewe.

Vidonge vya usingizi sikuvikataa kwa imani yoyote. Daktari anaweza kuvitoa kwa muda mfupi, na kuna wanaovihitaji. Lakini kwa usingizi unaokosekana miezi, American College of Physicians, jumuiya ya madaktari wa Marekani, ilipendekeza mwaka 2016 kwamba tiba hii ya kubadili mazoea na mawazo ianze kabla ya vidonge. Mimi usiku naamka kwenda msalani mara mbili. Kuamka huku nimelewa dawa ndiko kunakovunja watu nyonga. Na ile mitishamba uliyoniona nikiulizia mtandaoni nimeiacha. Nayo ni dawa, na baadhi hugombana na kemo.

Mengine ninayofanya ni madogo. Asubuhi nakaa kwenye mwanga wa jua nusu saa, mwili ujue kumekucha. Yoga ya polepole nilijaribu, nikaipenda kwa ajili ya mgongo. Kukaza na kulegeza misuli, kuanzia vidole vya miguu hadi paji la uso, nilidhani ni mchezo wa watoto hadi siku niliposinzia nimefika magotini.

Umesema utatafuta mtu wa kunifanyia kila kitu. Usinifanyie kila kitu. Nguvu zangu nazipanga kama mshahara mdogo: asubuhi ndizo nyingi, basi mambo ninayoyataka nayaweka asubuhi, na mengine nawaachia nyinyi. Kapu la nguo libebwe. Foleni ya kliniki mdogo wako anishikie. Matembezi niachieni, na ukija likizo tutembee wote, ila usiniulize kila hatua kumi kama nimechoka. Nitakuwa nimechoka.

Saa tano na nusu imefika. Nazima taa.

Mama yako