Medali ya baba haimo kwenye kumbukumbu zake za jeshi: mwanzie wapi?

Ndugu yangu wa Mafinga, nimeelewa kwamba baba yako alipigana Vita vya Kagera vya 1978–1979 na akavishwa medali, lakini hati zake za utumishi haziitaji popote. Poleni sana, kwa mzee jambo hilo linauma.

Anzeni na jina. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, aliyeandikishwa jeshini kama Mwakioma huenda leo kitambulisho chake cha taifa kinasomeka Mwakyoma, na karani anayetafuta jalada asione kitu. Yakitofautiana, mzee aape hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu kwamba majina yote ni yake.

Kisha aandike barua kwa Makao Makuu ya Jeshi, akitaja namba yake ya jeshi, cheo na kikosi alichokuwamo vitani, na aambatishe nakala za hati, picha za medali pande zote mbili pamoja na utepe wake, na maelezo yaliyosainiwa na wenzake wa kikosini. Hao watafuteni mapema, kwani wanazidi kupungua. Kambi ya jeshi iliyo karibu itawaelekeza barua ipitie wapi.

Hati halisi na medali yenyewe msimwachie mtu yeyote, na nakala ya barua yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Anayedai fedha ili aharakishe shughuli aripotiwe TAKUKURU. Mkijibiwa kwa kukataliwa, au suala likigusa pensheni, mwoneni wakili kabla ya kuandika tena.