Je, mhasibu anatosha kusimamia wafanyakazi?

Ndugu, umeeleza kwamba kampuni yako ya utalii hapa Arusha ina madereva, waongoza watalii na wapishi wapatao ishirini, na kwa kuwa mhasibu ndiye anayelipa mishahara, huoni sababu ya kuajiri afisa rasilimali watu. Kulipa mishahara ni sehemu ndogo ya kazi hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakutaka umpe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, likizo ya mwaka ya siku 28, na malipo ya saa za ziada yasiyopungua mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Na dereva wa Serengeti wakati wa msimu huzikusanya saa hizo haraka kuliko mhasibu anavyoziandika. Ukimwachisha kazi akakushtaki kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wewe mwajiri ndiye utakayepaswa kuthibitisha kwamba ulikuwa na sababu halali na ulifuata utaratibu, jambo gumu kwa asiyetunza majalada (na wengi hapa mjini hawana hata nakala ya barua ya onyo). Kwa idadi yako, afisa wa siku chache kwa wiki anatosha, ila aanze na mikataba, tena asiwe chini ya mhasibu.