Mume Asibaki Nje ya Mlango

Ndugu Mhariri, wiki iliyopita mliwauliza wasomaji ni msaada gani ambao mwanamke huuhitaji zaidi kutoka kwa mumewe baada ya kufanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti. Mimi niliondolewa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani, ninaishi Umoja hapa Nairobi na mume wangu na watoto wetu, na jibu langu ni kwamba mume awepo chumbani bendeji inapobadilishwa.

Katika familia nyingi ninazozijua, mke akitoka hospitali hupokewa na mama, dada na mawifi, naye mume huachiwa kazi ya kutafuta pesa. Siibezi kazi hiyo, kwani wengi wetu tumelazimika kuitisha mchango hata baada ya bima kulipa sehemu yake. Lakini kovu lisipoonekana mapema, mke huanza kubadilisha nguo gizani, mume naye, akidhani anamstahi, hugeukia ukutani, na kila mmoja hudhani mwenzake amemkataa.

Mimi nilirudi nyumbani na mrija uliotoka ubavuni hadi kwenye chupa ndogo ya kukusanyia majimaji. Muuguzi alituonyesha sote wawili jinsi ya kuimwaga na kuifunga ili iendelee kuvuta, na mume wangu ndiye aliyeishika kazi hiyo: asubuhi na jioni aliandika idadi ya mililita kwenye kalenda ya ukutani, kwa sababu mrija hautolewi mpaka kiasi kipungue. Aliliona kovu likiwa bado na nyuzi, huku tukizungumza habari za karo na za maji ya mfereji yaliyokatika, kwa hiyo haikuwahi kuwepo siku ya kulifunua. Hadi leo tukipanda matatu hukaa kushoto kwangu, abiria wasiugonge mkono ule, ambao unaweza kuvimba hata miaka kadhaa baada ya tezi kuondolewa.

Kuhusu tendo la ndoa nitasema waziwazi, maana wengi huona haya kuuliza. Saratani haiambukizwi kwa kujamiiana. Kinachozuia mara nyingi ni uchovu, maumivu, na ukavu unaoletwa na kemotherapi au na vidonge vya kuzuia homoni kama tamoksifeni, ambavyo humezwa kwa miaka 5 hadi 10. Mume asipoelezwa haya hospitalini atadhani amechokwa, na ndiyo sababu ninawasihi madaktari wetu wawaite wanandoa wote wawili. Sisi tulimwuliza daktari pamoja. Alitueleza kuhusu vilainishi vya maji, na akatuonya tusitumie krimu yenye homoni bila ushauri wake.

Wapo wanawake ambao hawatataka kutazamwa, nao wasilazimishwe. Mume wa mwanamke kama huyo ashike kazi nyingine ya ugonjwa huohuo, kama vile kufuatilia tarehe za kliniki na kubeba ndoo za maji, kisha baada ya siku chache amwulize tena.

Msomaji, Umoja, Nairobi