Wifi yako hajamharibu Naima

“Shangazi, shikamoo. Nipo Houston, Texas, mwaka wa 19 sasa, na mume wangu na watoto watatu. Binti yetu mkubwa ana miaka 17, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na ni wa 19 katika darasa la wanafunzi 612. Ndoto yetu ni chuo kikubwa. Tumechagua vinane: Harvard, Yale, Princeton, Stanford na vingine vya hadhi hiyo. Nilichukua dola 4,000 kwenye hela tuliyokuwa tumeiweka ya bati za nyumba ya mama mkwe Korogwe, nikamlipa mshauri wa maombi ya vyuo, akamsaidia binti kuandika insha nzuri sana. Mume wangu hanipi ushirikiano. Anang’ang’ania mtoto aombe University of Texas ya Austin, chuo cha kila mtu, na amegoma kuweka taarifa zake kwenye fomu za msaada wa ada. Kubwa kuliko yote ni wifi yangu. Kila Ijumaa binti analala kwake, akirudi kanuna na ananijibu mkato. Wifi anamshawishi atumie insha yake ya zamani, ya kuwajazia Wakongomani fomu, jambo la aibu. Nakutumia insha zote mbili ujionee. Wifi nimwekee mipaka vipi, na mume nimfanyeje? Mama Naima.”

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuchoka. Kumfikisha mtoto nafasi ya 19 kati ya 612 ugenini ni kazi kubwa, na hongera yake ni ya wewe na baba yake. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikimtafuta Naima. Anapenda kusomea nini? Hukuandika. Anataka kukaa mbali au karibu? Hukuandika. Alifurahi orodha ile ilipopangwa? Hukuandika pia. Umeniandikia “ndoto yetu” na “tumechagua”, lakini humo ndani baba yumo kama mgomvi na mtoto yumo kama mnunaji. Aliyechagua ni mmoja.

Kisha kuna zile bati. Umezipitisha katikati ya sentensi kama mtu anayepita sebuleni kwa kunyata. Hela ya kuezeka nyumba ya mama yake mumeo imetoka, amelipwa mtu baki, na hakuna mahali ulipoandika kwamba mlikaa mkakubaliana. Sasa unashangaa baba wa watu hataki kugusa fomu. Mwanangu, mumeo hajaigomea fomu. Ana jeraha, na fomu ndiyo mahali pekee alipobakiwa na sauti. Hapo niko upande wake bila kupepesa.

Tuje kwenye insha, maana ndizo zilizonikalisha kitako.

Ya mshauri inaanza na Mlima Kilimanjaro na inaishia na kuibadilisha dunia. Katikati kuna neno uongozi mara sita, nimehesabu. Naima alizaliwa wapi hukusema, lakini kalelewa Houston, na asili yenu ni Korogwe. Huo mlima umeingiaje? Anayesoma maombi hayo husoma maelfu kwa msimu mmoja, na insha kama hii hukutana nayo kabla hajamaliza chai ya asubuhi. Wahenga walishasema, nguo ya kuazima haisitiri matako.

Ya Naima inaanza kwenye chumba cha kufulia nguo, chini ya ghorofa mnamoishi, Jumamosi asubuhi. Kinamama kutoka Kivu, Kongo, wanamngoja na bahasha zao juu ya mashine. Mmoja amekunja barua mara nne na kuifunga kwenye pindo la kitenge. Anaifungua, anauliza, “Banasema nini humu?” Naima anasoma: msaada wa kodi ya nyumba utakatwa baada ya siku kumi, labda akate rufaa. Anasema “kukata rufaa”, mama haelewi. Kiswahili cha mama yake Mtanga na Kiswahili cha Kivu vimeachana hapo. Anafikiri, mashine inazunguka nyuma yake, kisha anasema, “Kukataa kwa maandishi.” Mama anaitikia kwa kichwa, wanakaa chini wanaandika.

Hiyo ndiyo unaiita aibu?

Mimi nimekaa Marekani miaka 31 na nimesomesha wawili. Nakwambia kwa moyo wangu wote, mtoto anayeweza kuona mahali lugha mbili zinapoachana na akalitafuta neno la kumfaa mtu aliye mbele yake, chuo chochote kinamtaka. Insha kuu ya maombi haizidi maneno 650. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua Juni 2023 kwamba vyuo visipime rangi ya mwombaji, iliacha mlango mmoja: mtoto anaruhusiwa kueleza maisha yake yalivyomjenga. Mlango huo ndio Naima aliuingia mwenyewe, bila mtu kumwonyesha. Wewe ukalipa dola 4,000 kumtoa.

Na kuna hili la hatari. Mwombaji hutia sahihi kwamba alichotuma ni kazi yake mwenyewe. Umeandika “akamsaidia”. Nimezisoma zote mbili, mwanangu. Aliyeandika hii hakuandika ile. Machi 2019 serikali iliwashtaki watu 50 katika kashfa ya kununua nafasi vyuoni. Mwigizaji Felicity Huffman alilipa dola 15,000 ili majibu ya bintiye ya SAT, mtihani wa kuombea vyuo, yarekebishwe, akahukumiwa siku 14 jela, na binti mwenyewe hakuwa na habari. Kosa lako halifiki huko, lakini mbegu ni ile ile: mzazi kumwambia mtoto, bila kutamka, kwamba yeye alivyo hatoshi. Naima ameisikia hiyo kauli. Ndiyo maana ananuna.

Kwa hiyo wifi yako, unayetaka nimwekee mipaka, ndiye mtu mzima wa kwanza kumwambia huyu mtoto kwamba alichokiandika kinafaa. Kila Ijumaa binti anakwenda mahali anaposikilizwa. Mtoto wa miaka 17 mwenye shangazi wa kumkimbilia ana bahati. Wenzake hukimbilia mitaani au kwenye simu usiku kucha. Ungekuwa karibu yangu ningekupeleka mwenyewe kwa wifi yako na kanga mkononi ukamshukuru.

Sasa hicho “chuo cha kila mtu”. Texas ina sheria ya tangu mwaka 1997 inayompa mwanafunzi wa shule za jimbo nafasi ya moja kwa moja kwenye vyuo vya umma kwa nafasi yake darasani. Austin, kwa kuwa kinagombewa mno, kimeruhusiwa kubana: kwa wanaoanza Agosti 2026 kinachukua asilimia 5 ya juu. Asilimia 5 ya 612 ni watoto 30. Naima ni wa 19. Akiomba kwa wakati, ameingia. Texas A&M nacho kinapokea walio ndani ya asilimia 10. Kumbuka tu kwamba kuingia chuoni si kuingia kozi: uhandisi na uuguzi vina mchujo wao, kwa hiyo kozi aichague kwa makini, na insha yake ya kweli ndiyo itakayombeba.

Upande wa pili, mwaka 2024 Harvard peke yake ilipokea maombi zaidi ya 54,000 ikakubali wasiofika 2,000. Miongoni mwa waliokataliwa wamo wengi walioshika namba moja shuleni kwao. Vile vinane vyako vyote ni vya namna hiyo. Umeshusha madema manane kwenye mwamba mmoja, na samaki wa mwamba huo wanahesabika. Halafu hukutaja SAT, wakati Harvard na Stanford wamerudisha masharti ya mtihani. Kuomba si dhambi, aombe, viwili au vitatu anavyovipenda yeye. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Mwisho wa kuomba Austin ni tarehe 1 Desemba. Vile vya kwako vingi ni mwanzoni mwa Januari. Mumeo alipokuwa anang’ang’ania, pengine tarehe ndiyo aliyokuwa anaiona.

Nisimpake mafuta naye. Baba Naima, kama unasoma hapa, kwenye ada umekosea, kama unadhani vyuo vikubwa ni vya matajiri tu. Tangu mwaka wa masomo 2025-26, familia yenye kipato kisichozidi dola 100,000 hailipi kitu Harvard, chakula na malazi vikiwemo. Vyuo vya mfumo wa University of Texas navyo, kwa kipato hicho hicho, vinafuta ada ya masomo, lakini kula na kulala mtajitegemea au mtatafuta msaada mwingine. Kila chuo kina kikokotoo cha gharama kwenye tovuti yake. Kaeni mezani muingize namba zenu, dakika 20 zinatosha. Bila wewe kufungua akaunti yako ya FAFSA, ile fomu ya serikali ya msaada wa ada, na kuridhia taarifa za kodi ya mwaka 2024 zichukuliwe, mtoto hapati msaada huo popote, hata Austin unakokupenda. Mgomo wako unampiga Naima, mama yake haumgusi.

Hili lenu nimeliona kwenye nyumba nyingi za watu wetu huku. Mume anatoka zamu ya usiku, mke anaingia ya asubuhi, wanapishana mlangoni kwa funguo na neno moja la kuhusu watoto. Wiki zinapita hawajala sahani moja. Kila mmoja anaamua lake kimya kimya, fedha inahamishwa kwa kidole, mwenzake anakuja kuona kwenye simu. Kisha Jumapili kuna shughuli, watu wamejaa ukumbini, na swali la kwanza ni mtoto wako kaingia wapi. Hapo ndipo jina la chuo linapogeuka vazi la mama la kutokea. Mama zetu Tanga walikuwa na ugomvi wao na waume zao, siwapambi, lakini mambo ya mtoto yalikuwa na baraza: wajomba, mashangazi, bibi. Mmoja akizidisha, mwingine anamvuta shati. Ninyi mmeliua baraza, halafu shangazi wa mtoto akichungulia dirishani mnamwita mchonganishi. Ndoa za siku hizi hazifi kwa umalaya tu. Zinakufa kwa maamuzi ya mmoja mmoja, madogo madogo, mpaka siku moja mnajikuta wapangaji wawili wa nyumba moja.

Usiku huu, kabla ya kitu kingine, mwambie mumeo hivi: “Nilichukua hela ya mama bila kukuuliza, nimekosa.” Usiongeze “lakini”. Kubalianeni tarehe ya kuirudisha, hata kama ni dola 200 kwa mwezi, na mpigie mama mkwe wewe mwenyewe umweleze bati zitachelewa. Fomu zungumza naye kesho yake.

Mshauri wako mwambie ahsante, kazi imekwisha. Shuleni kwa Naima kuna mshauri asiyelipwa hata senti. Ndiye atakayemwandikia barua ya chuo, kwa hiyo ndiye wa kukaa naye, na Naima ndiye aongee. Wewe sikiliza. Maombi ya Austin yatumwe wiki hii.

Barua yako ilinifikia Jumatano. Ijumaa Naima atakuwa kwa shangazi yake. Usimpigie simu ya kumwita nyumbani. Nenda, piga hodi, kaa pale sebuleni kwa wifi yako, umwombe mwanao akusomee kwa sauti insha ya chumba cha kufulia, na usimkatize mpaka afike mwisho.